Namna ya Kukaa na Mjane wa Mwanajeshi Aliyefia Vitani

Ijumaa ya tarehe 8 Desemba 2017, siku moja kabla ya sherehe za Uhuru, habari ilipita kwenye simu kabla haijafika redioni. Kambi ya walinda amani ya Semuliki, kule Beni, Kivu Kaskazini, ilikuwa imevamiwa jioni ya jana yake. Waliotajwa kufa walikuwa 14, wote wa JWTZ, jeshi la Tanzania. António Guterres, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alisema ni shambulio baya kuliko yote kuwapata walinda amani katika miaka ya karibuni. Lakini kwa mke ambaye mume wake alikuwa Kongo, habari ile haikuwa na majina. Ilikuwa na namba tu. Kila mmoja akakaa na simu mkononi akipiga, haipatikani, anapiga tena.

Nimekaa kota za jeshi miaka mingi, na nimekaa mkekani na wajane zaidi ya mmoja. Mengi ninayoyaandika hapa niliyajua baada ya kukosea. Mila zetu za msiba ni nzuri, na sehemu kubwa zinatosha. Ila msiba wa askari una mambo yake, na mtu akienda na mazoea ya misiba mingine anaweza kumuumiza mfiwa bila kujua.

1. Kabla hujatoka kwako, ulizia kama ameambiwa

Hili ni la kwanza kwa sababu ndipo nilipoharibu. Tulisikia kwa dereva mmoja, tukajitanda kanga watu watatu, tukaenda. Tulimkuta anakaanga maandazi ya watoto. Hatukusema neno, lakini alitutazama usoni mmoja baada ya mwingine, akauliza, "Nani?" Maofisa walikuja saa mbili baadaye wakiwa na shekhe. Kwa saa mbili zile tulikuwa naye ndani, sisi hatujui la uhakika, yeye anatuuliza kwa kiapo, na mafuta yanaungua jikoni hakuna aliyekumbuka kuyaepua.

Kwa hiyo mpigie mtu aliye karibu na kikosi, umuulize jambo moja tu: wakubwa wameshafika nyumbani kwake? Kama bado, baki kwako. Kama una hofu kwamba atasikia mtaani, basi nenda kama unavyokwenda siku zote, kuazima ungo au kuzungumza, ukae naye. Usibebe sura ya msiba. Kazi ya kutamka ni ya jeshi, na jeshi lina namna yake: huja mtu mwenye cheo, mara nyingi akiwa na kiongozi wa dini. Utaratibu huo unamsaidia mjane baadaye, maana atakuwa anajua aliambiwa nini, na nani, saa ngapi.

2. Chukua simu yake, kwa ruhusa yake

Siku hizi picha za vitani zinafika kwenye makundi ya WhatsApp kabla ya maiti kufika uwanja wa ndege. Wengine wanatuma kwa uchungu, wengine kwa ushamba tu. Mjane akishaiona picha ya mumewe, au ya mtu anayedhani ni mumewe, hakuna maneno yatakayoifuta.

Mwambie: "Nipe simu nikushikie, nitapokea mimi, ukitaka kuongea na mtu nakupa." Zima picha kujipakua zenyewe. Andika kwenye daftari kila aliyepiga na kila aliyetuma rambirambi, jina na kiasi. Usifute kitu chochote. Nasisitiza hapa: usifute. Kuna mama niliyemshikia simu ambaye ujumbe wake wa mwisho kwa mumewe ulikuwa na tiki moja, haukufika. Shemeji yake mmoja alitaka kuufuta ili asiumie. Tulimkatalia. Mwaka mzima baadaye yule mama alikuwa bado akiufungua na kuusoma: alikuwa amemwandikia kwamba mtoto ameota jino.

Namba ya siri ya simu ya pesa abaki nayo mwenyewe. Na akipiga mtu akijitambulisha kuwa anatoka makao makuu, anataka atumiwe hela kidogo "ya kuharakisha mafao", huyo ni tapeli. Malipo ya askari hayatangulizwi ada kwa simu.

3. Cha kusema ukishaketi

Keti chini kama yeye yuko chini. Mwite kwa jina alilozoea, Mama Fulani, usimwite mjane hata kwa bahati mbaya. Kisha: "Pole sana, Mama Fulani. Nimekuja kukaa na wewe." Inatosha. Kwa Waislamu utatanguliza *Inna lillahi*, kwa Wakristo mtaomba, na baada ya hapo nyamaza. Kimya chetu cha mkekani si cha bure, kina kazi.

Yako maneno ambayo ningependa yaachwe. "Jikaze, wewe ni mke wa askari." Kiapo aliapa mume, yeye hakuapa. "Alijua kazi aliyoichagua" ni hukumu, imevishwa kanzu ya faraja. "Mungu amempenda zaidi" wengine huwafaa, wengine huwapa hasira hata kwa Mungu. Kama humjui vizuri, liache. "Utalipwa, usiwe na wasiwasi" ndilo baya kuliko yote kwa siku ya kwanza. Umemwekea mumewe bei wakati bado hajazikwa.

Na "amekufa shujaa"? Hapa watu huwa wananibishia. Ushujaa ni kweli, na lina siku yake neno hilo, 25 Julai, Siku ya Mashujaa ya Tanzania, taifa zima linaweka mashada. Viongozi watalisema mbele ya jeneza na ni haki yao. Lakini wewe jirani, wewe wifi, usiwe wa kulirudia. Ukimwambia kila saa kwamba mumewe ni shujaa, unamnyima nafasi ya kumlilia mtu aliyekuwa akikoroma, aliyekuwa anatia vijiko vinne vya sukari kwenye chai, aliyeondoka wakiwa hawajamaliza ugomvi wa ada ya shule. Wengi waliondokewa katikati ya ugomvi. Mtaje marehemu kwa vitu vidogo unavyovijua: namna alivyokuwa akiwabeba watoto wote wawili mara moja, alivyowahi kukurekebishia pasi. Mjane atakutazama, na mara nyingi ataongeza la kwake.

Usimuulize alikufaje. Yeye ndiye mwenye maswali, na maswali yake yatakushangaza. Mmoja, alipokuja rafiki wa mumewe aliyekuwa naye kikosi kimoja, sote tulidhani atauliza kuhusu risasi. Akauliza, "Alikuwa amekula?" Yule kijana akajibu kwamba walikula wali na samaki wa kopo, na kwamba marehemu alilalamika chumvi imezidi. Mama akacheka, akalia, akacheka. Kwa hiyo mkipata mtu aliyekuwa naye kule, mleteni, mumpe nafasi ya kukaa naye faragha, na mumwambie kabla: jibu unaloulizwa, kwa ukweli, usiongeze.

4. Jeneza ambalo halifunguliwi

Katika misiba yetu kuaga ni kuona. Mtu hupita, hutazama uso, ndipo moyo unakubali. Msiba wa vitani mara nyingi hauna hilo. Jeneza linaletwa limefungwa, lina bendera juu, na inaelezwa kwamba haliwezi kufunguliwa. Mjane anabaki na wazo moja: pengine si yeye.

Baada ya kambi ya El Adde, Somalia, kuvamiwa tarehe 15 Januari 2016, familia za Kenya zilisubiri vipimo vya vinasaba kabla ya kukabidhiwa wapendwa wao, na idadi kamili ya waliokufa haikutangazwa. Kusubiri kule ni msiba juu ya msiba.

Unachoweza kufanya ni hiki. Mwambie mapema, kabla gari halijafika, kwamba huenda halitafunguliwa. Asilikute jambo hilo uwanjani mbele ya kamera. Mtafute mwanaume mmoja wa familia, kaka wa marehemu au ba'mdogo wake, aombe kikosini kuonyeshwa, au kuelezwa maiti ilitambuliwaje. Mjane asikie kutoka kwa mtu wa damu: "Nimemwona. Ni yeye." Kama hakuna aliyeruhusiwa kuona, mwacheni aguse jeneza kwa muda anaotaka. Nimeona askari wa gwaride wakisimama jua kali dakika nyingi kwa sababu mama aliweka kiganja juu ya bendera na hakutaka kukiondoa, na hakuna ofisa aliyemharakisha. Wakubwa wa jeshi wanajua hilo. Ndugu ndio huwa na haraka.

5. Siku ya kuaga

Wale wa Semuliki waliagwa Upanga, makao makuu ya jeshi, Dar es Salaam, wiki iliyofuata, kisha kila jeneza likaelekea kwao, mengine yakavuka maji kwenda Zanzibar. Shughuli kama hizo zina viongozi wengi, hotuba, viti vyenye majina. Mjane anakuwa mgeni kwenye msiba wake mwenyewe.

Mteueni mtu mmoja wa kukaa naye bega kwa bega kuanzia asubuhi. Huyo abebe maji, leso, dawa kama anatumia, na kitu cha mtoto. Amweleze hatua kwa hatua: sasa watapiga baragumu, sasa watakunja bendera watakukabidhi, sasa watapiga risasi hewani. Risasi za heshima ndizo za kuangalia sana. Watoto wanashtuka vibaya, na mjane naye, maana amekuwa akisikia milio hiyo kichwani tangu siku ya habari. Mzibeni mtoto masikio, mwambieni kabla kwamba ni heshima ya baba na haziumizi mtu.

Jambo jingine, nalisema kwa sababu hutokea: anaweza kujitokeza mke mwingine. Au mwanamke mwenye mtoto anayefanana na marehemu kama pacha. Usinong'one, usipige picha. Waketisheni mbalimbali, kila mmoja na mtu wake, mambo hayo yakazungumzwe baada ya mazishi na wazee wa pande zote.

6. Watoto waambiwe nini

Mtoto wa askari hawezi kuambiwa "baba amesafiri". Baba yake amekuwa akisafiri tangu azaliwe, na kila safari alirudi na mkoba. Ukimwambia hivyo, atangoja. Namjua mtoto aliyekuwa akikimbilia getini kila lori la jeshi likiingia, miezi mingi baada ya mazishi, kwa sababu watu wazima tuliona huruma kumwambia. Mwambieni neno lenyewe: baba amekufa, hatarudi, amezikwa kule. Atauliza tena kesho. Mjibuni hivyo hivyo.

7. Eda, matanga, na watu kutawanyika

Kwa mjane wa Kiislamu eda ni miezi minne na siku kumi, kama ilivyo kwenye Sura ya Al-Baqara. Mjamzito eda yake huisha akijifungua. Kwa msiba wa vitani kuna jambo la kuuliza: kwa kauli ya wanazuoni wengi, siku huhesabiwa tangu kifo kilipotokea, hazisubiri habari ifike, na tarehe hizo mbili zinaweza kutofautiana. Muulizeni shekhe wenu, na mumuulize pia kuhusu kutoka kwa haja ya lazima, kama hospitali au kutia saini, maana makaratasi ya jeshi hayangoji eda iishe. Bora zaidi, mwombeni karani wa kikosi aje nyumbani.

Jikoni sina la kuwafundisha. Ila kama ananyonyesha, mshtuko huweza kuzuia maziwa kushuka: aendelee kumweka mtoto kifuani, na uji usikauke. Na usiku asilale peke yake. Akiacha kula kabisa, akaanza kusema atamfuata mumewe, msichukulie ni maneno ya uchungu. Kaeni naye zamu, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

8. Makaratasi ni sehemu ya faraja

Nimeona wajane waliofarijiwa kwa nyimbo na dua wiki nzima, kisha mwezi wa tatu wakatolewa vitu nje. Nyumba ya kota ni ya kazi, na mwenye kazi hayupo tena. Kwa hiyo baada ya arobaini, au mapema kidogo kama hali inaruhusu, nenda na faili la plastiki la dukani, muanze kukusanya: barua ya kikosi ya kuthibitisha kifo, cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vitambulisho vya taifa, na muhtasari wa kikao cha ukoo. Toeni nakala. Halisi asimkabidhi shemeji yeyote, hata awe mpole namna gani.

Kisha mwulizeni karani wa kikosi kwa maandishi: ataruhusiwa kukaa kota hadi lini, mafao yapo ya aina ngapi, na kama mume alikuwa misheni ya Umoja wa Mataifa, fidia yake imefikia wapi, maana hupitia serikalini kwanza. Tazameni pia jina aliloandika marehemu kikosini. Wengi huingia jeshini wakiwa vijana, wanaandika jina la mama, hawabadilishi hata baada ya kuoa. Mtu wa kupewa taarifa si lazima awe mrithi, na hilo mama mkwe aelezwe kwa upole kabla halijawa vita ya pili.

Tanzania Bara, mirathi nyingi za askari wa kawaida hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, na mjane mwenyewe anaweza kuteuliwa kuwa msimamizi. Msimamizi hukusanya na kugawa, mali haiwi yake. Zanzibar, kwa Waislamu, nendeni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Kenya mtahitaji barua ya chifu kuanzia.

Na kikao cha ukoo kikianza kuzungumza habari za kumrithi mjane, kaka mtu akae nyumbani kwa ndugu yake, Sheria ya Ndoa ya 1971 ya Tanzania Bara, kifungu cha 68, inampa mjane uhuru wa kuishi anapotaka, kukaa bila mume, au kuolewa na amtakaye. Chapa kifungu hicho ukiweke kwenye faili. Si lazima akitoe. Mara nyingi kujua kwamba kimo kunatosha kumfanya azungumze bila kutetemeka.

9. Kama hajulikani alipo

Huyu ndiye mgumu kuliko wote, na hakuna anayemwandikia mwongozo. Hana kaburi, hana eda iliyoanza, na akivaa nguo ya rangi watu wanamsema. Usimwambie akubali kwamba amekufa, usimwambie atarudi. Mwambie, "Tunangoja pamoja." Sheria ya Ndoa ya Tanzania humdhania mtu amekufa akikaa miaka 5 bila habari zake kwa watu ambao wangetakiwa kuzisikia, Kenya ni miaka 7. Katikati ya miaka hiyo mama anahitaji kujua mshahara unaendelea kwa utaratibu gani, na nani wa kumpigia. Mtafutieni jina moja kikosini, mtu anayepokea simu.

10. Tranka likifika

Wiki kadhaa, wakati mwingine miezi baadaye, jeshi huleta vitu vyake. Watu wameshaondoka, mjane yuko peke yake na tranka la chuma lenye kufuli na namba ya mumewe kwa rangi nyeupe. Ukisikia limefika, nenda. Usilifungue wewe, wala usimshauri alifungue leo.

Nilikuwepo moja lilipofunguliwa. Juu kulikuwa na sare mbili, moja haijafuliwa. Chini yake biskuti za posho alizowawekea watoto, redio ndogo, na vitenge vya Kongo doti mbili, bado na karatasi ya duka. Alikuwa ameshamwambia kwenye simu kwamba amemnunulia, kimoja cha kijani. Wifi mmoja alishika ile sare akitaka kwenda kuifua. Mzuieni mtu wa namna hiyo. Nguo ina harufu, na harufu itaisha yenyewe.

11. Siku kikosi kinaporudi

Shada la 25 Julai watu hulikumbuka. Mwaka wa kwanza wa kifo nao hukumbukwa. Siku inayosahaulika ni ile ambayo wenzake marehemu wanamaliza misheni na kurudi nyumbani. Kota nzima inapika pilau, watoto wamenyolewa, bendi inasikika tangu barabarani, na wake wamejipanga getini. Yule mama anasikia yote akiwa dirishani.

Ulizia tarehe mapema. Siku hiyo usimpelekee pole wala usimpeleke getini asipotaka. Sisi tulimwambia tuna safari ya Kariakoo, tunahitaji mtu anayejua kupatana bei. Alikubali bila kuuliza kwa nini siku hiyo. Tulizunguka madukani toka saa tatu asubuhi, tukala chipsi, tukachagua kitambaa cha sare za shule. Tulipokuwa tunangoja daladala akatoa mkobani kile kitenge cha kijani, akaniuliza kama fundi wangu bado yupo Tandika.